Panya aliyezaliwa bila ngozi: uchambuzi wa kisa cha jeni ya p63

Walizaliwa wakiwa hai, na hilo peke yake linatosha kumshangaza aliyewahi kuona picha zao. Mwili ulikuwa unang'aa kwa majimaji kama kitu kilichochunwa. Miguu ya nyuma haikuwepo, ya mbele ilikuwa vigutu. Kinywani hapakuwa na hata chipukizi la jino, na mwilini hapakuwa na unywele wala tundu ambalo unywele ungetokea. Tezi za mate, za machozi na za maziwa hazikuwepo pia. Ila maji yaliwatoka kupitia uso mzima wa mwili, na kabla siku haijaisha wakawa wamekufa kwa kukauka.

Jeni iliyozimwa ilikuwa moja.

Kisa hiki ni cha mwaka 1999. Maabara mbili za Marekani, ya Allan Bradley huko Houston na ya Frank McKeon huko Harvard, zilizima jeni ileile kwa panya, kila moja kwa njia yake. Katika ya kwanza kazi iliongozwa na Alea Mills, katika ya pili Annie Yang. Jarida la Nature lilizichapisha ripoti zote mbili katika toleo moja la mwezi Aprili, zikifuatana: ya kwanza inaishia ukurasa wa 713, ya pili inaanzia wa 714. Ukizisoma kwa kikao kimoja utadhani unamsikiliza shahidi yuleyule mara mbili, mpaka unapofika kwenye maelezo ya kilichotokea. Hapo wanaachana. Mmoja anasema ngozi haikuanza kabisa. Mwingine anasema ilianza, ikaishiwa.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ya ule mwachano. Vitabu vya shule humaliza habari ya p63 kwa sentensi moja, kwamba ndiyo "jeni kuu ya ngozi", na mwanafunzi anaondoka akidhani jambo lilikwisha siku ile. Halikwisha. Lilichukua zaidi ya miaka 10 kunyooka, na katika kunyooka kwake ndipo unapoona jinsi jeni zinavyoiongoza seli kuwa ngozi.

Ghorofa inayojengwa kutoka chini

Tukubaliane kwanza ngozi ni nini. Sehemu ya juu, epidemisi, ni ghorofa ya seli. Chini kabisa, juu ya utando mwembamba, imesimama safu moja ya seli zinazogawanyika, na humo ndimo zilimo seli shina, zile za akiba zinazozaa nyingine. Seli za safu hii zimejaa nyuzi za protini ziitwazo keratini 5 na keratini 14. Seli inapoachana na utando na kupanda juu, inaacha kutengeneza hizo mbili na kuanza keratini 1 na 10. Ikipanda zaidi inatengeneza filagrini na lorikrini, inajifunga kwa ganda gumu, kiini chake kinayeyuka, inakufa. Kinachogusa hewa ni mabaki ya seli zilizokufa, yamepangana na kubanana kama vigae vya paa. Vigae hivyo hubanduka kila siku, na chini hutengenezwa vingine.

Katika safari hiyo yote DNA haibadiliki. Seli inayogawanyika chini na seli inayokaribia kufa juu zina jeni zilezile, na zote mbili zina jeni zilezile za seli ya ini. Jeni ya keratini 14 imo ndani ya ini. Haisomwi tu. Kwa hiyo swali la ngozi si "ina jeni gani?" bali "nani anaamuru ipi isomwe, wapi, na lini?"

Kwa panya, ambaye mimba yake huchukua kama siku 19 au 20, jibu hutolewa mapema. Mpaka karibu siku ya 8 kiinitete kimefunikwa na safu moja tu ya seli zenye keratini 8 na 18, aina ileile unayoikuta kwenye kuta nyororo za ndani kama utumbo. Kufikia siku ya 9 na nusu hivi keratini 5 na 14 zinaanza kuonekana. Zile ni kama sare ya kazi: seli ikizivaa, ujue imeshaandikishwa kwenye ngozi. Baadaye safu zinaanza kupandiana. Kuna jaribio rahisi linaloonyesha zimekamilika lini. Kiinitete kinachovywa kwenye rangi ya buluu. Kikiwa bado kichanga kinageuka buluu chote. Siku chache kabla ya kuzaliwa, rangi inaanza kukataa kuingia mgongoni, kisha ubavuni, mwisho tumboni. Kizuizi kinasambaa kama kivuli cha jioni. Ikifika siku ya 18 hivi rangi haipati pa kupenyea. Panya wa kisa chetu hawakufika hapo, ndiyo maana walikauka.

Walichotarajia kukikuta

Hakuna aliyezima p63 akitegemea kuona ngozi ikitoweka. Jeni hii iliingia mjini ikiwa ndugu wa mtu mashuhuri. p53, iliyogunduliwa mwaka 1979, ndiyo jeni inayoharibika mara nyingi kuliko zote katika saratani za binadamu, na mwaka 1992 ilionyeshwa kwamba panya asiye nayo huzaliwa salama lakini huota uvimbe wa saratani mapema. Kati ya 1997 na 1998 maabara kadhaa zilikuta jeni inayofanana nayo, kila moja ikaipa jina lake: KET, p51, p40, p63. Ilikuwa kama mtoto anayepewa jina na kila shangazi. La mwisho ndilo lililokaa.

Sasa, ukikuta ndugu wa mlinzi maarufu, utafikiri naye ni mlinzi. Ilitarajiwa panya wasio na p63 wapate saratani. Badala yake wakazaliwa bila ngozi. Kuna somo la adabu hapo kwa sisi tunaopenda kukisia kazi ya jeni kwa kuangalia sura yake, lakini nisilikalie.

Slaidi moja, hukumu mbili

Chukua kipande chembamba cha mgongo wa panya mzima aliyezaliwa leo, kipake rangi, kiangalie kwa hadubini. Chini utaona safu ya seli zilizosimama, viini vyao vya zambarau vimesongamana. Juu yake seli pana zaidi, zimelala. Kisha mstari wenye punje nyeusi nyeusi. Juu kabisa nyuzi za waridi zilizoachana kidogo, kama maganda ya kitunguu.

Weka kando yake kipande cha panya asiye na p63. Ngozi ya chini, dermisi, ipo. Juu yake mahali pengine kuna safu moja ya seli, nyembamba, na mahali pengine hakuna kitu. Halafu, hapa na pale, utakuta vidonge vya seli vilivyokaa ovyo, havina mpangilio.

Kesi yote ilikuwa kwenye vile vidonge.

Kundi la Mills liliangalia ile safu moja. Kwao, seli za uso wa kiinitete zilibaki katika hali yao ya kwanza, hazikuchukua hatua ya kuwa ngozi yenye tabaka. Bila p63 mlango haukufunguliwa. Kundi la Yang liliangalia vidonge, likavipima, likakuta protini za mwisho wa safari: involukrini, lorikrini, filagrini. Wakauliza, seli ambayo haikuwahi kuwa ngozi imezipata wapi protini za ngozi iliyokomaa? Kwa hukumu yao mlango ulikuwa wazi. Seli ziliingia na kupita, lakini hazikubaki nyingine nyuma za kuendelea kugawanyika. p63 kwao ni mtunzaji wa seli shina: ikiondoka, akiba inakwisha.

Tofauti hii si ya maneno. Ikiwa Mills ana haki, p63 ni jeni ya kuamua seli iwe nani. Ikiwa Yang ana haki, ni jeni ya kuiwezesha seli kuendelea kuwa ilivyo. Mtu anayetaka kuotesha ngozi ya kupandikiza, au kuelewa ugonjwa wa mtoto mwenye p63 mbovu, anahitaji kujua ni ipi kati ya hizo. Na "zote mbili" si jibu mpaka mtu azitenganishe na kuonyesha kila moja peke yake.

Kuna jambo ambalo sikuliona niliposoma ripoti zile kwa mara ya kwanza. Wote wawili walikuwa wanasoma maiti ya mwisho wa njia. Panya aliyezaliwa ni matokeo ya siku 19 za maamuzi, na kosa la siku ya 9 linaweza kufanana kabisa na kosa la siku ya 14. Halafu wote walisema "p63" kana kwamba ni kitu kimoja.

p63 ipi?

Si kitu kimoja. Jeni hii, ambayo kwa binadamu iko kwenye kromosomu ya 3, ina sehemu mbili za kuanzia kusomwa. Ukianzia ya kwanza unapata protini yenye kichwa kirefu, TAp63. Ukianzia ya pili unapata yenye kichwa kifupi, ΔNp63. Kila moja inaweza kumalizikia kwa mikia tofauti, alfa, beta au gama. Jeni moja, watoto 6 au zaidi. Kile kichwa kirefu ndicho kinachofanana na cha p53 na kinachojulikana kwa kuwasha jeni, hivyo mwanzoni yule mwenye kichwa kifupi alidhaniwa kuwa kizuizi tu, mtu wa kukaa kwenye kiti ili mwingine asikalie. Wakati huohuo, ukipima safu ya chini ya ngozi, karibu p63 yote iliyomo ni ΔN yenye mkia wa alfa. Mwenye kiti ndiye aliyejaa ofisini!

Maabara ya 1999 zilizima zote kwa pamoja, hivyo kisa chenyewe hakiwezi kutuambia nani alikuwa anafanya nini. Mwaka 2004 Maranke Koster na Dennis Roop (Roop alikuwa miongoni mwa waandishi wa ripoti ya Mills) walileta jibu lililokaa vizuri sana. Waliwasha TAp63 kwenye mapafu ya panya, ambako seli za ukuta hazina tabaka, na seli zile zikaanza kuvaa keratini 5 na 14, sare ya ngozi. Wakasema TA ndiyo inayofungua mlango, ΔN inakuja baadaye kulinda zilizoingia. Hadithi ikawa nadhifu: Mills ana haki kuhusu mwanzo, Yang ana haki kuhusu baadaye, na kila mmoja amepewa umbo lake la p63.

Nadhifu kupita kiasi. Panya waliozimiwa TA peke yake walipopatikana, walizaliwa na ngozi. Kasoro zao zilijitokeza kwingine: ripoti ya 2006, kwa mfano, ilionyesha TA ndiyo inayochuja mayai yaliyoharibika DNA kwenye ovari. Na mwaka 2012 maabara ya Satrajit Sinha ilipozima ΔN peke yake, kisa cha 1999 kikajirudia karibu neno kwa neno: miguu ya nyuma hakuna, ya mbele imekatika, uso wa mwili mtupu wenye vidonge vya seli vilivyotawanyika. Aliyedhaniwa kuwa kizuizi ndiye mjenzi.

Je, jaribio la mapafu lilikuwa la uongo? Hapana. Lilionyesha kile ambacho TA inaweza kufanya ikilazimishwa. Kuongeza jeni mahali isipokuwepo kunakuonyesha uwezo wake, kuiondoa mahali ilipo kunakuonyesha kama inahitajika. Watu wengi wenye akili wamejikwaa kwenye kizingiti hicho, na mimi nilikuwa nimeshaifundisha hadithi ile ya 2004 kwa miaka kabla ya kuifuta ubaoni.

Panya mmoja hakuwa alivyodhaniwa

Mwaka 2009 likaja jambo jingine la kuvuruga faili. Kundi la Ute Moll na Matthias Dobbelstein lilichunguza upya panya wa ukoo wa Houston, anayejulikana kwa jina la Brdm2, likakuta kwamba jeni yake haikuzimika yote. Ilikuwa imekatwa kwa namna ambayo iliendelea kutoa p63 fupi, zinazofanana na zile zenye mkia wa gama. Yaani kwa miaka 10 watu walikuwa wanalinganisha panya wawili kana kwamba wote hawana kitu, kumbe mmoja ana mabaki.

Ugunduzi huo ulikuwa wa kuudhi, lakini ulikuwa na zawadi ndani yake. Kama panya mwenye p63 isiyo na mikia ya alfa na beta bado anazaliwa bila ngozi na bila miguu, basi mikia ile si pambo. Tutaikuta tena kwa watoto wa binadamu.

Jaribio lililotenganisha kazi mbili

Kwa maoni yangu, jaribio lililovunja mkwamo ni la mwaka 2006, la maabara ya Paul Khavari huko Stanford, nalo halikutumia panya kabisa. Walichukua seli za ngozi ya binadamu zilizokwishakomaa, wakazipunguzia p63, wakaziotesha juu ya kipande cha dermisi ili zijenge tabaka. Mara moja swali la kiinitete likawekwa kando: seli hizi zilishaamua kuwa ngozi zamani.

Tabaka lililoota lilikuwa jembamba. Seli hazikugawanyika inavyotakiwa, na zilizokuwepo hazikukomaa. Mpaka hapo bado zimefungwa pamoja: huenda hazikukomaa kwa sababu hazikugawanyika. Wakaongeza hatua moja. Pamoja na p63, waliondoa pia p53, yule ndugu mashuhuri, ambaye huzuia seli kugawanyika. Seli zikarudi kugawanyika. Ukomavu haukurudi.

Hapo ndipo uzi ulipokatika mara mbili. Kugawanyika na kukomaa ni kazi mbili, p63 inazibeba zote, na kila moja kwa mkono wake. Ile ya kwanza inapitia kumtuliza p53. Ya pili inapitia kwingine. Mwaka uliofuata maabara ya McKeon ilitoa ushahidi zaidi kwamba p63 ndiyo inayozipa seli shina za tabaka uwezo wa kugawanyika kwa muda mrefu. Upande wa Yang ulikuwa na haki kuhusu mkono ule mmoja. Alichokosea, kama neno kukosea linafaa, ni kudhani mkono ule mmoja unatosha kueleza panya mzima.

Mlango unafunguliwaje hasa

Kuhusu mkono wa pili, wa kuamua seli iwe nani, majibu yalitoka ndani ya kiini. DNA haikai kama uzi ulionyooka. Imeviringwa kwenye protini ziitwazo histoni, na sehemu kubwa imebanwa kiasi kwamba hakuna protini inayoweza kuisoma. p63 ni miongoni mwa zinazoweza kuishika DNA iliyobanwa na kuita mafundi wa kuilegeza, hasa kikosi kiitwacho BAF chenye protini Brg1. Ikishalegezwa, vipande vinavyochochea jeni za ngozi vinakuwa wazi.

Mfano ninaoupenda ni wa mtaa mmoja wa jeni. Zaidi ya jeni 50 za ukomavu wa ngozi, zikiwemo za lorikrini, filagrini na involukrini, zimekaa jirani jirani kwenye kromosomu ya 1 ya binadamu (kwa panya ni ya 3). Katika kiinitete kichanga mtaa huo umesukumwa pembeni ya kiini, karibu na ukuta, mahali pa jeni zilizonyamazishwa. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba kati ya siku ya 11 na ya 16 za mimba ya panya mtaa mzima unahamia ndani, kuelekea katikati, na kwamba p63 na Brg1 ndizo zinazousogeza. Uhamisho hutangulia kusomwa kwa nguvu kwa jeni hizo. Yaani nyumba inapelekewa umeme kabla ya taa kuwashwa.

Na kuna anayehakikisha taa haziwashwi mapema. Protini Ezh2 huweka alama za kufunga kwenye jeni za ukomavu ndani ya seli za chini. Maabara ya Elaine Fuchs ilipoiondoa, ripoti ya 2009, jeni zile zilisomwa kabla ya wakati na kizuizi cha ngozi kikakamilika mapema. Kinachoweka ratiba ni mvutano huo kati ya anayefungua na anayefunga.

Kwa upande wa binadamu, kazi ya 2019 kutoka maabara ya Anthony Oro iliotesha ngozi kutoka seli za kiinitete kwenye sahani. Protini nyingine, TFAP2C, ndiyo iliyoanza: ilizifanya seli kuwa uso wa kiinitete wenye keratini 8 na 18. Kisha p63 ikachukua usukani, ikafungua maeneo ya ngozi iliyokomaa, na ikageuka kufunga baadhi ya yale ambayo TFAP2C ilikuwa imefungua. Seli zisizo na p63 zilikwama kwenye hatua ya kwanza, safu moja yenye keratini 8 na 18. Ni safu ileile ya slaidi ya Mills.

Ukiniuliza vile vidonge ni nini basi, nitakujibu kwa kukisia. Naviona kama seli chache zilizochepuka na kuanza safari kwa msaada wa protini nyingine za njia hiyo, ambazo ni nyingi. Katika ngozi nzima, seli inayopanda lazima iachane na p63. Kipo kipande kidogo cha RNA (molekuli ndugu ya DNA), miR-203, kinachoondoa ujumbe wa p63 katika seli zinazopanda, kama ilivyoonyeshwa mwaka 2008. Seli ya chini inashikiliwa na p63, seli ya juu imeachiliwa. Katika panya yule hapakuwa na wa kuishikilia hata moja, kwa hiyo yeyote aliyeanza alikimbia hadi mwisho na hakuacha mrithi.

Wala p63 haijengi ngozi peke yake. Mwaka 2014 watafiti waligeuza seli za dermisi ya binadamu kuwa kitu kinachofanana na seli za epidemisi, na walihitaji p63 pamoja na protini nyingine, KLF4.

Wazazi waliokuwa na manyoya

Kuna wahusika wa kisa hiki ambao hawatajwi sana: wazazi wa wale panya. Kila mmoja alikuwa na nakala moja nzima ya p63 na moja iliyozimwa. Walikuwa na ngozi, manyoya na miguu minne, na waliweza kuzaa. Nusu ya dozi iliwatosha.

Binadamu wenye ugonjwa wa p63 nao wana nakala moja nzima na moja mbovu. Hawakusalimika hivyo. Mwaka huohuo wa 1999 iligunduliwa kwamba mabadiliko katika jeni hii husababisha ugonjwa uitwao EEC: mikono na miguu iliyopasuka katikati kwa kukosa vidole vya kati, mdomo sungura, nywele na meno machache, ngozi dhaifu. Mwaka 2001 ukaongezeka AEC, ambao mtoto huzaliwa na kope zilizoungana kwa nyuzi nyembamba, na ngozi, hasa ya kichwa, inachubuka na kuwa vidonda visivyopona kwa urahisi.

Kwa nini nusu imtoshe panya na isimtoshe mtoto? Kwa sababu mtoto hajapungukiwa, amechanganyiwa. p63 hufanya kazi zikiwa zimeungana nne nne. Chukulia seli inatengeneza nzima na mbovu kwa kiasi sawa na zinaungana bila kuchaguana. Uwezekano wa kupata kundi lenye nzima tupu ni nusu mara nusu mara nusu mara nusu, yaani moja kati ya 16. Panya mwenye nakala moja ana nusu ya makundi, yote safi. Mtoto ana makundi mengi, na karibu yote yana mbovu ndani yake.

Katika EEC kasoro nyingi ziko kwenye sehemu inayoshika DNA, hivyo protini inafika kazini lakini haishiki. Katika AEC kasoro ziko zaidi mkiani, kwenye ule mkia wa alfa ambao panya wa Houston aliukosa. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba p63 zenye kasoro hizo hunata na kufanya madonge ndani ya seli, na madonge hayo huzinasa hata zile nzima.

Ukishaliona hivyo, unaacha kufikiria kumwongezea mtoto p63. Anayo. Watafiti waliochukua seli shina za utando wa mdomo za wagonjwa wa EEC walilenga nakala mbovu peke yake, wakatumia vipande vifupi vya RNA vinavyotambua ile herufi moja ya jeni iliyobadilika na kuunyamazisha ujumbe wake kabla haujawa protini. Ripoti ni ya 2016. Nakala nzima iliachwa ilivyokuwa, hakuna jeni mpya iliyoingizwa mahali pake, na uwezo uliopotea wa seli zile ukarudi.